Kuanza levo 1 pamoja si kucheza sawa

Vijana wengi hapa Nakuru wanasema ati gofu ya mtandaoni iko fea juu kila mtu alianza levo 1. Hapana jameni. Driva (ile fimbo ya shoti ndefu) inayofunguka levo za juu pekee inatuma mpira mbali zaidi, so nyinyi wawili mnagonga vizuri kabisa halafu mwenye levo ya juu ako karibu na grini (nyasi fupi yenye shimo) na wewe bado umebakisha shoti ndefu, hapo skili imefanya nini? Kwa gofu ya uwanjani sheria ni moja, fimbo zisizidi 14, kichwa cha driva kisipite sentimita za ujazo 460, uwe bingwa ama mgeni, na uwezo ukitofautiana handikapu (shoti za ziada anazopewa mchezaji dhaifu) inasawazisha. Levo sanasana inaonyesha masaa umekaa kwa gemu. Kwa mechi za kirafiki sioni shida, lakini mashindano ya zawadi lazima wote wapewe fimbo sawa.