Kwa nini redio kaseti hula kanda?

Ukifungua redio ukakuta utepe umejisokota ndani, usikimbilie kuilaumu kanda. Mara nyingi mbovu ni mashine.

Ndani kuna kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka, na roli ya mpira inayokibana. Utepe hupita katikati yao kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Viwili hivyo huutoa utepe tu; anayeukusanya ni ekseli inayozungusha gurudumu la kanda. Belti ya ekseli hiyo ikilegea, utepe unazidi kutoka bila wa kuupokea. Unalegea, unanata kwenye mpira mchafu, na roli inajiviringishia.

Ili kujua, bonyeza kitufe cha kupiga bila kanda, kisha ishike kidogo ekseli inayozunguka. Ikiwa nzima, utahisi inakuvuta vidole. Ikisimama kwa kuguswa tu, tafuta belti mpya ya kipimo kile kile. Belti iliyoyeyuka kama lami ifute yote kabla ya kufunga nyingine.

Usafi ndio unaopuuzwa zaidi. Vumbi la kahawia linalobaki kwenye roli na kwenye kichwa cha kusomea ni unga wa sumaku uliobanduka kwenye utepe. Kichwa kikichafuka, sauti nyembamba hupotea na muziki unasikika kama uko nyuma ya ukuta. Kila baada ya takriban saa 10 za kupiga, chovya pamba ya kijiti kwenye spiriti, ikamue, ufute kichwa, kijiti cha chuma na roli hadi pamba itoke nyeupe. Acha vikauke kabisa. Petroli na tina ni marufuku: huharibu mpira na plastiki.

Kanda ikishaliwa, usiivute kwa nguvu wala usibonyeze kitufe cha kurudisha nyuma. Zima umeme, fungua mlango, zungusha roli kwa kidole kinyumenyume huku ukiutoa utepe taratibu. Unyooshe, kisha uukusanye kwa penseli yenye pembe sita. Ukikatika, unganisha kwa selotepu maalumu ya kuungia kanda, upande wa nyuma usiogusa kichwa. Gundi ya selotepu ya kawaida huvuja kwenye joto na kunatisha mizunguko ya jirani.

Kanda za dakika 120 ziogope hata kwenye mashine nzima. Utepe wake una unene wa karibu nusu tu ya ule wa dakika 60, hivyo hukunjika upesi.