Soma na Mstari Unaofuata: Dhana Potofu Kuhusu Wokovu

Dhana nyingi potofu kuhusu wokovu hazitoki kwa watu wasiosoma Biblia. Zinatoka kwetu tunaoisoma, tena kwa bidii, ila tumezoea kushika mstari mmoja na kuuacha ule wa jirani yake. Waandishi wenyewe hawakuandika kwa mistari. Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Barua za Paulo zilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa zima, mwanzo hadi mwisho.

Dhana: Kuokoka ni kuongozwa sala ya toba, basi

Andiko linalotajwa hapa ni Matendo 16:31, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Wengi huishia hapo. Lakini mtu aliyeambiwa maneno hayo ni mlinzi wa gereza la Filipi, na jioni ile ile ndiye aliyewaingiza Paulo na Sila chumba cha ndani na kuwafunga miguu kwenye mkatale, migongo yao ikiwa bado na mapigo ya bakora. Baada ya tetemeko alikuwa ameshachomoa upanga ajiue, akidhani wafungwa wamemtoroka.

Endelea kusoma. Kwanza walimwambia neno la Bwana, yeye na wote waliokuwamo nyumbani mwake. Kisha, saa ile ile ya usiku, aliwaosha mapigo yao, akabatizwa yeye na watu wake, akawaandalia chakula. Hakuna sala iliyonukuliwa popote katika habari hiyo. Lililonukuliwa ni kazi ya mikono: aliyewafunga ndiye anayewaosha vidonda.

Utaratibu wa kuita watu mbele wampokee Yesu hauna hata miaka 300. Miaka ya 1830 mhubiri wa Marekani, Charles Finney, aliupa umaarufu kwa kutenga viti vya mbele kwa waliohangaikia roho zao. Sisemi sala ya toba ni mbaya. Wengi walianza nayo na wamedumu. Ninachokataa ni kuifanya cheti. Paulo anawaambia Waefeso "mmeokolewa", anawaandikia Wakorintho kuhusu "sisi tunaookolewa", na Warumi anawaambia kwamba wokovu sasa u karibu kuliko walipoanza kuamini. Kwake wokovu ulishaanza, unaendelea, na bado unakuja. Mtu anayekutajia tarehe aliyookoka amekueleza mwanzo tu.

Dhana: Imani ndiyo inayookoa, kwa hiyo matendo hayana kazi

Waefeso 2:8-9 tunaijua kwa kichwa: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Ni kweli tupu. Sasa mstari wa 10, ambao mahubiri mengi huuruka: "tuliumbwa katika Kristo Yesu, tutende matendo mema." Matendo hayanunui wokovu, lakini ndiyo tuliyoumbiwa. Na huyo ni Paulo, siyo Yakobo. Ni Paulo pia anayesema katika Wagalatia 5:6 kwamba chenye maana ni imani itendayo kazi kwa upendo.

Yakobo ndiye anayewatia watu jasho. Mahali pekee katika Biblia nzima ambapo utakuta maneno "imani peke yake" ni Yakobo 2:24, na yanatajwa ili kukataliwa. Martin Luther, Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya kanisa, hakuupenda waraka huo. Mwaka 1522 aliuita waraka wa mabua, yaani usio na uzito, ukilinganishwa na vitabu vingine. Hata hivyo hakuutoa katika Biblia yake. Mgogoro kuhusu imani na matendo uliozaliwa wakati ule, kati ya wafuasi wake na Wakatoliki, ulidumu karne kadhaa, mpaka tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walipotia saini tamko la pamoja kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yake, naye akishapokelewa huitwa kutenda mema. Wasomi walijadiliana miaka mingi kufika hapo. Waefeso 2:8-10 ilikuwa mezani muda wote.

Dhana: Watu wa Agano la Kale waliokolewa kwa kushika sheria

Hili hujibiwa na mpangilio wa kitabu cha Kutoka. Bahari inapasuliwa katika sura ya 14, amri kumi zinatolewa katika sura ya 20. Hata amri zenyewe zinaanza kwa kumbusho: Mimi ni Bwana, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri. Waliokolewa kwanza, wakafundishwa baadaye. Naye Ibrahimu alihesabiwa haki kwa kuamini karne nyingi kabla ya sheria kutolewa mlimani Sinai.

Dhana: Wokovu ni kuihama dunia

Nyimbo zetu za mazishi zimechangia hapa, na siwezi kuzilaumu. Mfiwa anahitaji faraja. Paulo mwenyewe alitamani kwenda zake akae na Kristo. Ila Biblia haiishii hapo. Katika Ufunuo 21 mji mtakatifu unashuka, na sauti inasema maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu. Warumi 8 inasema viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja kuwekwa huru. Tumaini la mitume lilikuwa ufufuo wa mwili.

Dhana: Yesu alikufa ili kumbadilisha Baba moyo

Hasira ya Mungu juu ya dhambi ipo katika Maandiko, hata Warumi 5:9 inaitaja. Lakini mstari uliotangulia unasema msalaba ulitokana na pendo lake Mungu mwenyewe, tulipokuwa tungali wenye dhambi. Namna kifo kile kinavyookoa imeelezwa kwa njia nyingi: ushindi juu ya mauti na Ibilisi, fidia, dhabihu, adhabu iliyobebwa na mwingine. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 11, aliifafanua kama heshima ya Mungu iliyopaswa kutimiziwa haki yake. Kanuni ya Imani ya Nisea, ungamo la kanisa la kale, haikuchagua hata moja kati ya hizo; inasema tu "kwa ajili yetu".

Ukitaka andiko la kuanzia, chukua 2 Wakorintho 5:19. Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Aliyekosewa ndiye anayetafuta upatanisho. Na mstari wa 20 unamwonyesha akisihi, kwa vinywa vya wajumbe wake, kwamba tukubali.