Masta ya elimu mtandaoni kwa ada unayoimudu: usianze na bei

Kazi yangu ni kuwasaidia walimu kutafuta vyuo vya kusoma shahada ya uzamili ya elimu kwa njia ya mtandao, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, chuo gani ni rahisi? Ni swali la haki kabisa. Mwalimu anayesoma huku anafundisha, na ana watoto wake wa kusomesha, hawezi kuingia kichwakichwa. Ila kabla sijataja chuo chochote huwa namuuliza, hiyo masta unataka ikufikishe wapi na nani ndiye atakayeipokea ukishaimaliza? Maana ukilipa nusu ya bei halafu mwajiri akakwambia cheti hiki hatukitambui, hapo hujaokoa chochote, hela imekwenda na miaka imekwenda.

Masta ya elimu siyo kitu kimoja jamani. Kuna ya uongozi na utawala wa shule, kuna ya mitaala na ufundishaji, kuna elimu maalumu, kuna teknolojia ya elimu, kuna ushauri nasaha, na kila moja ina mlango wake wa kutokea. Anayetaka kuwa mkuu wa shule asijikute kasoma kozi ya teknolojia kwa sababu tu ilikuwa na punguzo. Na hili lisikieni vizuri, masta nyingi za mtandaoni hazikupi leseni ya ualimu, zinakuza elimu ya mtu ambaye tayari ni mwalimu. Kama huna leseni na ndiyo unayoitafuta, soma ukurasa wa kozi mpaka uone imeandikwa waziwazi kwamba inaongoza kwenye leseni, na leseni ya wapi, kwa sababu leseni ya jimbo moja la Marekani kwa mfano haikupi moja kwa moja ruhusa ya kufundisha jimbo jingine, sembuse nchi nyingine.

Tukija kwenye ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba chuo kinakidhi viwango, hapa ndipo watu wanapoibiwa. Chuo feki hakikosi neno "ithibati" kwenye tovuti yake, tena kinaweka na mihuri mizuri mizuri ya bodi ambazo kimejitungia chenyewe. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa inaendesha mamia ya tovuti za vyuo ambavyo havipo, na bodi za ithibati za uongo za kuvipa baraka vyuo hivyohivyo, na watu wa nchi mbalimbali walikuwa wanalipa. Kwa hiyo usithibitishe chuo kupitia tovuti ya chuo. Toka nje ya tovuti yao, nenda kwenye orodha ya serikali au chombo kinachotambulika cha nchi ambako chuo kimesajiliwa: Marekani kuna orodha ya Wizara ya Elimu na ya CHEA, baraza la ithibati ya elimu ya juu, na kwa programu zinazoandaa walimu kuna CAEP, chombo kinachozipa ithibati, England kuna rejista ya Office for Students, mdhibiti wa vyuo vikuu. Halafu rudi kwenye mamlaka ya vyuo vikuu ya nchi utakayofanyia kazi uulize kwa maandishi kama wanatambua shahada hiyo ikisomwa kwa masafa, maana kuna sehemu chuo kinatambulika ila programu yake ya mtandaoni ina masharti yake. UNESCO ilipitisha mkataba wa kimataifa wa kutambua sifa za elimu ya juu mwaka 2019 na ukaanza kufanya kazi 2023, na masomo yasiyo ya darasani yamo humo, lakini siyo nchi zote zimeuridhia, kwa hiyo bado utauliza tu.

Haya, sasa pesa. Watu wanalinganisha bei ya krediti moja na krediti moja, yaani vile vipimo vinavyohesabu ukubwa wa kozi, na krediti hazilingani! Masta ya Marekani kwa kawaida ni krediti 30 mpaka 36. Ya Uingereza ni krediti 180, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, yaani saa 1,800 kwa jumla, na hizo 180 ukizipeleka kwenye ECTS, mfumo wa krediti wa Ulaya, zinakuwa 90. Tuseme umekuta chuo kimoja kinauza krediti kwa 300 na kingine kwa 50, sarafu ileile. Ukiangalia harakaharaka huyu wa 50 anaonekana kama anagawa bure. Zidisha sasa: 300 mara 30 ni 9,000, na 50 mara 180 ni 9,000. Bei ileile! Na kama yule wa kwanza kozi yake ni ya krediti 36 basi ni 10,800, ndiye ghali. Ndiyo maana mimi siku zote nasema tafuta bei ya digrii nzima, mpaka cheti mkononi, hizo za krediti waachie wenyewe.

Na hata hiyo ada ya masomo haijamaliza. Kuna ada ya maombi, kuna ada ya teknolojia inayotozwa kila muhula, mitihani inayosimamiwa kwa kamera unaweza kulipia pembeni, kuna vitabu, kuna ada ya kuhitimu, kuna kutathminiwa vyeti vyako vya zamani, na kubwa wanayoisahau wengi ni ada ya kuendelea kusajiliwa pale tasnifu inapochelewa, hiyo inaweza kukulia muhula baada ya muhula wakati hata darasa huna. Waandikie ofisi ya udahili hivi, nakili tu: "Naomba jumla ya gharama zote za lazima tangu maombi hadi kuhitimu kwa mwanafunzi anayeishi nje ya nchi yenu. Je, ada inaweza kupanda nikiwa katikati ya masomo? Nikisimama muhula mmoja nalipa nini? Nikiacha kozi wiki ya tatu narudishiwa kiasi gani?" Chuo makini kinajibu kwa namba. Kinachokujibu "jisajili kwanza, ofa inaisha leo" kiache, usibishane nacho hata kidogo.

Unafuu wa kweli upo, tena mkubwa. University of the People, kilichoanzishwa 2009, hakitozi ada ya masomo, unalipia maombi na tathmini ya kila kozi, na masta yake ya elimu iliandaliwa kwa kushirikiana na International Baccalaureate, shirika lenye mitaala ya kimataifa ya shule. Western Governors University cha Marekani kinatoza kwa kipindi cha miezi sita badala ya kwa krediti, ukimaliza kozi nyingi ndani ya kipindi hicho bei haiongezeki, kwa hiyo mwalimu mzoefu mwenye muda anaokoa sana, ila kinachukua hasa watu wanaoishi Marekani. Walio kwenye nchi zinazoendelea za Jumuiya ya Madola waangalie ufadhili wa masomo ya masafa unaotolewa na tume ya ufadhili ya Jumuiya ya Madola iliyopo Uingereza, unalipia masta kwa kozi zilizoidhinishwa tu, kwa hiyo anza na orodha ya kozi ndiyo uombe chuo. Na kama una PGCE, cheti cha uzamili cha ualimu cha Uingereza, au diploma ya uzamili uliza kama krediti zake zinahamishika. Vyuo vingi havikwambii mpaka uulize, na theluthi ya kozi ikifutwa hapo ni theluthi ya ada pia.

Jambo la mwisho ni muda, ambao nao ni gharama. Uliza kama vipindi ni vya mubashara au vimerekodiwa. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni kwao kinaweza kuwa saa tisa usiku kwako, na asubuhi una darasa la watoto arobaini linakusubiri, utavumilia wiki ngapi? Uliza pia kama unamaliza kwa tasnifu au kwa mradi wa vitendo. Mimi kwa mwalimu aliye kazini napendelea mradi, anaufanyia shuleni kwake, data anaipata palepale na shule inafaidika, isipokuwa kama anawaza PhD baadaye, huyo achukue tasnifu hata kama ni ngumu, kwa sababu vyuo vingi vitataka kuona utafiti wake. Na kabla hujalipa hata senti, omba uunganishwe na mwanafunzi mmoja aliyeko mwaka wa mwisho, umuulize asaimenti yake inarudishwa na maoni baada ya siku ngapi na msimamizi wake anajibu imeili au hajibu.