OK: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Kila baada ya muda ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti neno OK lilitokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kikosi kikirudi kambini bila kupoteza askari, karani aliandika sifuri na herufi K ya "killed", yaani hakuna aliyeuawa. Hadithi hii ni tamu, ndiyo maana inasambaa. Lakini vita vile vilianza mwaka 1861, na wakati huo OK lilikuwa limeshachapishwa gazetini miaka 22 nyuma.

Gazeti lenyewe linajulikana. Ni Boston Morning Post la Machi 23, 1839. Wahariri wa Boston walikuwa wamenogewa na mchezo wa kufupisha maneno kwa herufi za mwanzo, na utani ulikolea pale walipoyakosea tahajia kwa makusudi kabla ya kuyafupisha. "All right", yaani sawa kabisa, waliligeuza "oll wright" wakapata OW. "No use", haifai kitu, ikawa "know yuse", KY. Na "all correct", yote ni sahihi, ikawa "oll korrect". Hapo ndipo ilipotoka OK: kifupi kinachodai kila kitu ni sahihi, wakati herufi zake zote mbili zimekosewa.

Aliyethibitisha hayo ni mwanaisimu Allen Walker Read wa Columbia University, New York. Hakukisia. Alipekua magazeti ya karne ya 19, kisha akachapisha matokeo katika jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964. Ndiyo maana nashangaa kwamba zaidi ya nusu karne baadaye watu bado wanaambiwa asili ya neno hili haijulikani.

Wengine husema OK ni Old Kinderhook, jina la utani la Rais Martin Van Buren aliyezaliwa Kinderhook, jimbo la New York. Hapa pana ukweli nusu. Van Buren hakulizaa neno, ila alilikuza. Alipogombea tena mwaka 1840, wafuasi wake jijini New York waliunda klabu ya OK, na herufi hizo zikawa kauli ya kampeni. Wapinzani nao wakajibu mapigo: wakaeneza kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia na aliyekuwa mlezi wake kisiasa, hakujua tahajia, na ndiye aliyekuwa akiandika OK kwenye hati. Hadi leo wapo wanaoiamini propaganda hiyo. Kumbukumbu ya mahakama ya Tennessee ya mwaka 1790 iliyotolewa kama ushahidi ilipochunguzwa vizuri, ilionekana imeandikwa OR, kifupi cha amri ya kusajili. Van Buren alishindwa uchaguzi, lakini neno likabaki midomoni mwa watu. OW na KY, zilizokosa mgombea wa kuzibeba, zikafa.

Dai linalosema neno hili ni la Wachoktaw, Wamarekani wa asili, lilimvuta hata Rais Woodrow Wilson, ambaye aliandika "okeh", kwa namna ya Kichoktaw, akiidhinisha nyaraka. Lakini dai hilo lilianza kuvuma miongo kadhaa baada ya 1839.

Linalonigusa zaidi ni dai la Afrika. Mwaka 1969 mwanaisimu David Dalby alipendekeza kwamba OK limetokana na "waw kay" ya Kiwolofu, lugha ya Afrika Magharibi, yaani ndiyo kwa mkazo, na kwamba lilivushwa na watu waliouzwa utumwani. Si wazo la kubezwa. Maneno ya watumwa hayakuandikwa magazetini, na Kiingereza cha Marekani kinayo maneno ya Kiafrika yasiyopingika: "goober", karanga, ni "nguba" ya Kikongo. Ila kwa OK, gazeti la Boston liliandika herufi na maana yake palepale, na mchezo wenyewe tunaujua kwa mifano mingi. Ninathamini mchango wa Waafrika katika Kiingereza kiasi kwamba sitaki uegemezwe kwenye mfano dhaifu, wakati imara ipo.

Kuna pia kosa la tahajia. Wengi hudhani OK ni kifupi cha "okay". Ni kinyume chake: herufi mbili zilitangulia, na "okay" ni matamshi yake yaliyoandikwa kwa kirefu baadaye.

Maana nayo imehama. Mwaka 1839 OK lilimaanisha hakuna kasoro. Likawa kitenzi cha kuidhinisha, likawa nomino ya ruhusa, kisha sifa ikapungua: leo Mmarekani akisema chakula kilikuwa OK tu, mpishi hana la kufurahia. Na kwetu, anayejibu "oke" kwenye simu mara nyingi hajakubali wala kukataa. Anakujulisha tu kwamba amekusikia.