Windows haijaifuta Ubuntu yako

Umesakinisha Windows kwenye kompyuta yenye Ubuntu (mfumo endeshi mwingine, kama Windows), sasa ukiwasha inaingia Windows moja kwa moja, ile menyu ya kuchagua haipo. Wengi hapo husema Ubuntu imefutika, wakaanza upya. Haraka ya nini? Kama hukugusa sehemu yake ya diski, mafaili yako yapo. Kwenye mashine za UEFI (mfumo mpya wa kuwasha kompyuta), GRUB, yaani programu inayoleta ile menyu, hukaa kwenye kijisehemu cha diski cha aina ya FAT32, folda ya EFI/ubuntu, jirani kabisa na EFI/Microsoft. Windows imejipanga mbele ya foleni tu. Ingia kwenye setapu (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijaanza), mara nyingi kwa F2 au Del wakati wa kuwasha, pandisha "ubuntu" juu kwenye orodha ya kuwasha, hifadhi. Jina halionekani? Washa kwa flashi ya Ubuntu, ulirudishe kwa amri ya efibootmgr, inayopanga orodha hiyo. Mashine za zamani za BIOS (mfumo wa kuwasha uliotangulia UEFI) ndizo Windows hufuta kweli GRUB mwanzoni mwa diski. Hata huko, mafaili hayaguswi.