Asilimia kwenye background-position haipimi umbali kutoka kushoto

Jana usiku dogo mmoja kanitumia meseji, "Kaka background-position imekataa kabisa kwenye Chrome, nimeweka 20%, nimeweka 80%, nimeweka mpaka !important, picha haisogei." (background-position ni amri ya CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa wa wavuti, inayosema picha ya nyuma ya boksi ikae wapi; !important inalazimisha amri yako ishinde nyingine.) Nikamuuliza, umeandika cover, ile ya background-size inayofanya picha ienee boksi lote? Ndio kaka. Basi. Hii ni mara ya tatu mwezi huu naulizwa kitu kilekile na kila mtu anakuja analaumu brauza, kwahiyo naandika hapa nikiulizwa tena nitume linki.

Brauza haina kosa. Watu wanadhani ukiandika 25% picha itaanzia robo ya boksi. Haifanyi hivyo. Inachukua ile nukta iliyoko kwenye 25% ya picha yenyewe na kuilaza juu ya 25% ya boksi, yaani upana wa boksi toa upana wa picha, halafu ndio uzidishe kwa asilimia. Boksi la pikseli 1000, picha ya 200, ukiweka 25% ni 800 mara robo, picha inaanzia 200 na sio 250. Ndio maana 50% inakaa katikati kabisa na 100% inagusa ukuta wa kulia bila kutoka nje, ingekuwa ni umbali wa kawaida 100% ingeitupa picha nje ya boksi usiione tena.

Sasa chukua picha yenye upana sawa na boksi. 1000 toa 1000 ni sifuri, na sifuri uizidishe kwa asilimia yoyote unayoitaka bado ni sifuri, !important haibadilishi hesabu! Hapo ndipo cover inapowapoteza watu, maana ili picha ienee boksi lote bila kuvurugwa umbo lazima upande mmoja ulingane na boksi kamili. Bango la dogo lilikuwa 1200 kwa 400, picha 3000 kwa 2000. Cover inaipunguza iwe 1200 kwa 800, kwahiyo kushoto kulia hakuna kilichobaki cha kusogeza, juu chini zimezidi 400, hapo unaweza kucheza. Fungua ukurasa huohuo kwenye simu, boksi limekuwa 360 kwa 600, picha inakuwa 900 kwa 600 na mambo yamegeuka, asilimia ya kwanza (ya kushoto kulia) ndio imefufuka na ya pili (ya juu chini) imekufa. Yale malalamiko ya "kwenye laptopu uso unaonekana, kwenye simu umekatwa" ni haya haya. Angalia uso wa mtu uko wapi ndani ya picha, kama ni 70% toka kushoto na 30% toka juu andika 70% 30%, hiyo nukta haitoki nje ya boksi kwenye skrini yoyote ile.

Na picha ikiwa kubwa kuliko boksi hesabu inatoka hasi, ndio maana unaongeza asilimia halafu picha inaenda kushoto wakati wewe ulitegemea kulia. Pikseli hazina mambo hayo, andika -80px itasogea tu hata kukiwa na cover, ila upande wa pili picha itaanza kujirudia, na ukiweka no-repeat utabaki na pengo.

Haya, fixed. Ukiandika background-attachment: fixed, ili picha itulie ukurasa ukiskroli, picha haipimwi tena kwa div yako (boksi lako), inapimwa kwa dirisha zima la brauza, na div inabaki kama tundu tu la kuchungulia. Bango lako la 400 liko juu kwenye dirisha la 1200 kwa 800, ile picha ya dogo imeenea dirisha lote, wewe unaona nusu ya juu tu, halafu unasema picha imesogea yenyewe. Pia elementi ikiwa na transform (amri ya kuisogeza, kuizungusha au kuikuza), au yoyote iliyoibeba ikiwa nayo, fixed inachukuliwa kama scroll, ile hali ya kawaida, kwahiyo ukiweka laibrari ya animesheni leo na kesho fixed imekufa, anzia kutafuta hapo. Na scroll yenyewe jina linadanganya: picha imeshikamana na boksi, maandishi ya ndani yakiskroli yenyewe inabaki palepale. Unayotaka iende na maandishi inaitwa local.

Kwenye iPhone fixed imesumbua miaka mingi, mimi siitumii tena. Naweka ::before (elementi ya ziada inayotengenezwa na CSS) yenye position: fixed na z-index -1 ikae nyuma, urefu 100lvh, yaani urefu wa skrini baa ikiwa imejificha, ili picha isiruke pale baa ya anwani inapojificha. Hii nayo haijaniridhisha, kabla baa haijajificha kipande cha chini cha picha hakionekani, lakini naona bora hivyo kuliko kuruka.

Na kuna kitu kinanisumbua zaidi. Nimefundisha vijana wengi "weka cover na center, imeisha", na siku hizi nina wasiwasi kama niliwafundisha vizuri. Picha ya mtu au bidhaa ni sehemu ya maudhui, asiyeona anayesomewa ukurasa na simu yake hapati chochote kwenye bekgraundi. Weka img yenye alt (maelezo ya picha kwa maneno), object-fit: cover na object-position, hesabu ya asilimia ni ileile.

Ah, na ukiandika background: url(...) chini ya background-size umeifuta saizi, hiyo nayo mnaniuliza kila wiki.

Dogo kafuta !important, kaandika 70% 30%, uso umeonekana kwenye simu. Sasa anauliza kwanini kwenye kurasa fupi picha ya body inajirudia huku chini. Bekgraundi ya body inahamia kwenye html kama html haina yake, na html yako ni fupi kuliko skrini. Ipe html min-height: 100%.