“Wanakanyaga Pedali Siku Nzima, Basi”: Dhana Potofu Kuhusu Mbio za Baiskeli za Hatua

Kila Julai, Tour de France inapoanza, mashabiki hugawanyika. Wapo wanaohesabu sekunde kwa shauku, na wapo wanaoshangaa mtu anawezaje kukaa saa tano akitazama watu wakikanyaga pedali. Hawa wa pili hawakosei kila kitu, maana hatua za kusinzisha zipo na tutazitaja. Ila hoja nyingi wanazotoa zinatokana na kutazama mahali ambapo mchezo haupo. Katika soka jicho hufuata mpira. Hapa jicho lifuate pengo la muda, na nguvu zinazotumika kulifungua au kuliziba.

Tour ya Ufaransa, Giro d’Italia ya Italia na Vuelta a España ya Hispania zina hatua 21 kila moja, yaani mbio 21 za siku moja moja, ndani ya wiki tatu. Muda wa mwendeshaji wa kila hatua hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye bingwa. Timu huingia na watu 8. Wakati huohuo yanaendelea mashindano mengine: jezi ya pointi, jezi ya milima, jezi ya vijana, na ushindi wa hatua yenyewe, ambao kwa timu nyingi ndio lengo kuu.

“Mchezo uko kilomita tano za mwisho tu”

Saa ya kwanza mara nyingi ndiyo kali kuliko zote, hasa siku ya milima ya kadiri. Timu zisizo na mtu wa kugombea ubingwa wala bingwa wa sprinti, yaani mbio za kasi za mita za mwisho, zinajua kwamba nafasi yao pekee ni kumpeleka mtu kwenye kundi la kujichomoa mapema, yaani wachache wanaowatangulia wenzao. Basi mmoja anashambulia, anavutwa, mwingine anaondoka, naye anavutwa, na kasi inabaki juu ya kilomita 45 kwa saa bila mtu kupumua. Timu iliyokosa mtu mbele hufukuza hata kama haina sababu nyingine. Aliye karibu kwenye msimamo wa jumla haachiwi kamwe, kwa kuwa timu ya kiongozi inamwona kama tishio. Mchanganyiko wa waliotangulia ukiwaridhisha wote ndipo kundi kuu linapotanuka barabara nzima, watu wanakwenda haja, na pengo linaruka hadi dakika nne au tano kwa muda mfupi.

Kinachofuata ni hesabu. Aliyekuwa mtangazaji wa Ufaransa, Robert Chapatte, mwendeshaji wa zamani, aliacha kanuni inayotumika mpaka leo: kundi kuu likiamua kufukuza, linaweza kula dakika moja kwa kila kilomita 10. Zikibaki kilomita 40 na pengo ni dakika tatu, waliojichomoa wako hatarini. Sababu ni upepo. Anayekaa nyuma ya mwenzake kwenye tambarare huokoa karibu theluthi moja ya nguvu, na aliye katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi ya hapo. Watu wanne mbele hugawana upepo kwa zamu wanne, huku nyuma yao timu tatu zikitoa wafukuzaji waliopumzika siku nzima.

Kanuni hiyo hushindwa kwa sababu zinazojulikana: barabara nyembamba yenye kona nyingi, ambako watu wachache hupita haraka kuliko watu 150, upepo wa mgongoni, kilima karibu na mwisho, au timu za wanasprinti kutegeana, kila moja ikitaka nyingine ndiyo ifukuze. Na kujichomoa kunaweza kuamua mashindano yote. Kwenye Tour ya 2006, Óscar Pereiro aliachiwa karibu dakika 30 katika hatua ya Montélimar kwa kuwa alikuwa nyuma sana kwenye msimamo wa jumla. Floyd Landis alipovuliwa ubingwa kwa dawa za kusisimua misuli, taji likaenda kwa Pereiro. Mwaka 2024 Ben O’Connor alijichomoa katika hatua ya sita ya Vuelta, akavaa jezi nyekundu ya kiongozi akiongoza kwa dakika 4 na sekunde 51, akaishikilia siku 13, na akamaliza wa pili.

“Hatua za tambarare ni za kulala”

Hapa dhana ina nusu ya ukweli. Barabara pana iliyonyooka, hali ya hewa tulivu, watu wawili tu mbele: hiyo ni siku ya kufanya kazi nyingine hadi jioni. Upepo wa ubavuni ukianza, tambarare hugeuka kuwa hatari kuliko mlima.

Upepo ukitoka pembeni, sehemu yenye kinga haiko nyuma ya mwenzako moja kwa moja, iko nyuma kidogo na upande wa pili wa upepo. Waendeshaji hujipanga mshazari kutoka ukingo hadi ukingo. Barabara ikishajaa, pengine kwa watu 15, wanaofuata hawana pa kujikinga. Wanabaki mstari mmoja kwenye ukingo wakila upepo wote. Mmoja akishindwa kushika gurudumu la mbele yake kwa mita mbili tu, wote walio nyuma yake wamekatika. Ndiyo maana utaona timu nzima zikigombania mbele kilomita kadhaa kabla ya kona inayotoka msituni kuingia uwanda wazi: anayeingia kona hiyo akiwa wa 80 amechelewa.

Hatua ya 13 ya Tour ya 2013, iliyoishia Saint-Amand-Montrond, haikuwa na mlima wa maana. Alejandro Valverde, aliyekuwa wa pili kwa jumla, aliharibikiwa na gurudumu wakati kundi limeshakatika, akapoteza karibu dakika 10. Baadaye timu ya Alberto Contador ikaongeza kasi ghafla kwenye upepo, na Chris Froome, mwenye jezi ya njano ya kiongozi, akapoteza dakika 1 na sekunde 9. Mwaka 2020, siku ya Lavaur, Tadej Pogačar alikatika kwenye upepo kama huo, akapoteza dakika 1 na sekunde 21. Alishinda Tour hiyo kwa sekunde 59.

“Sprinti ni suala la nani ana miguu”

Miguu inahitajika, lakini mahali pa kuwa huamua zaidi. Kuanzia kilomita tatu za mwisho timu hupanga watu wake mstari mmoja, kila mmoja akivuta kwa nguvu zake zote kisha kukaa pembeni, mpaka wa mwisho anapomwachia bingwa wao zikiwa zimebaki mita 200 hadi 250. Upepo ukiwa wa mbele, anayetoka mapema hufa kabla ya mstari. Ukiwa wa mgongoni, anayesubiri hafiki. Kosa la kawaida ni kufungiwa kwenye uzio: miguu ipo, njia haipo.

Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na jezi ya kijani, ambayo ndiyo ya pointi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Jezi hiyo haiji kwa ushindi peke yake. Hatua ya tambarare inampa wa kwanza pointi 50, ya milima mikubwa 20, na kuna pointi za sprinti ya katikati ya njia kila siku. Ukimwona mwanasprinti mzito akijichomoa asubuhi ya siku ya milima, hajachanganyikiwa. Anafuata pointi hizo kabla mlima haujaanza, kisha atatumia siku nzima iliyobaki kupigana na kikomo cha muda, kinachopigwa kwa asilimia ya muda wa mshindi. Akikipita, anarudi nyumbani.

“Weka mlima mkali mwishoni, msisimko utakuja wenyewe”

Hii ndiyo dhana inayoharibu njia nyingi, na waandaaji wenyewe huiamini. Mlima mgumu kuliko yote ukiwekwa mwishoni, baada ya bonde refu, kila mtu husubiri. Timu yenye nguvu huweka wasaidizi wanne mbele kwa kasi iliyo karibu na kikomo cha wagombea wote. Anayetaka kushambulia lazima apite kikomo chake, na hawezi kukaa huko zaidi ya dakika chache. Treni hiyo ya wasaidizi haimfuati kwa pupa. Inashika kasi yake ileile na kumfikia taratibu. Timu ya Sky ilitawala Tour hivyo ikiwa na Bradley Wiggins na kisha Froome, na waliosema zile siku zilichosha walikuwa na haki. Walichokosea ni kudhani mchezo wenyewe ndio uko hivyo.

Milima inayosisimua ni ile iliyo mbali na mwisho, yenye kazi nyingine mbele yake. Colle delle Finestre ya Italia ina kilomita 18.5 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 9.2, na sehemu ya juu ni vumbi na changarawe. Kwenye mwinuko huo kasi ni ndogo, hivyo kujificha nyuma ya mtu hakuokoi nguvu nyingi, na wasaidizi humalizika mapema. Mwaka 2018 Froome aliondoka hapo akiwa wa nne, dakika 3 na sekunde 22 nyuma, akaenda peke yake kilomita 80 hivi na kushinda Giro kwa sekunde 46. Simon Yates, aliyeanza siku hiyo akiongoza, alipoteza zaidi ya dakika 38.

Mwaka 2025 Giro ilirudi mlima huohuo siku moja kabla ya kumalizika. Yates alianza dakika 1 na sekunde 21 nyuma ya Isaac del Toro. Timu yake ilikuwa imeshamtanguliza Wout van Aert katika kundi la kujichomoa. Ni mbinu ya kumweka msaidizi mbele ya mlima ili akusubiri upande wa pili. Yates alishambulia, Del Toro na Richard Carapaz wakatazamana kila mmoja akitaka mwenzake afanye kazi, na bondeni Van Aert akamvuta Yates kuelekea Sestriere. Yates alishinda Giro kwa dakika 3 na sekunde 56. Aliyekuwa anamtazama Yates tu aliona nusu ya mchezo. Nusu nyingine iliamuliwa asubuhi, Van Aert alipokubaliwa kuondoka.

Mfano wa tatu ni Tour ya 2022. Jonas Vingegaard na Primož Roglič, wa timu moja, walimshambulia Pogačar kwa zamu, na yeye akajibu kila mara mwenyewe. Kila jibu lilikuwa deni. Lililipwa kwenye Col du Granon, kilomita 11.3 kwa asilimia 9.2 hadi mita 2,413, ambako hewa ni nyepesi: dakika 2 na sekunde 51 zilipotea kabla ya mstari.

“Hatua ziwe fupi, zitakuwa kali”

Ufupi peke yake hautoshi. Mwaka 2018 Tour iliweka hatua ya kilomita 65 tu, na waendeshaji wakapangwa kwa nafasi mwanzoni kama magari ya mashindano. Mpangilio ule haukubadilisha chochote. Kwenye Vuelta ya 2016, hatua ya Formigal ilikuwa na kilomita 118 hivi, ikaja baada ya siku ngumu ya milima, na Contador na Nairo Quintana wakashambulia tangu mwanzo. Froome akabaki nyuma bila wasaidizi, na watu zaidi ya 90 wakapita kikomo cha muda, ingawa waliruhusiwa kuendelea. Kilichofanya kazi ni uchovu wa jana.

“Pengo likishakuwa kubwa, mbio zimekwisha”

Baada ya hatua 15 za Tour ya 2023, Vingegaard alimtangulia Pogačar kwa sekunde 10. Mbio dhidi ya saa za hatua iliyofuata, ambapo kila mmoja huendesha peke yake, zikaongeza dakika 1 na sekunde 38, na kesho yake, kwenye Col de la Loze, pengo likapita dakika saba. Pengo linaweza kufunguka kwa mwendo huo kwa sababu mwili wa wiki ya tatu hauna akiba. Siku ngumu mwendeshaji hula gramu 90 hadi 120 za wanga kwa saa. Tumbo likikataa, au chupa ikikosekana kwenye joto, sukari huisha na hakuna ujasiri unaoirudisha kabla ya kilele. Ndiyo sababu msaidizi anayerudi kwenye gari kubeba chupa sita anastahili kutazamwa.

Mapengo madogo nayo hayalali. Mwaka 1989 Greg LeMond alianza mbio dhidi ya saa za kilomita 24.5 za mwisho kuingia Paris akiwa nyuma ya Laurent Fignon kwa sekunde 50, akashinda Tour kwa sekunde 8. Watatu wa kwanza katika hatua za kawaida hupata punguzo la sekunde 10, 6 na 4, kwa hiyo hata sprinti ya wagombea wawili ina thamani. Wala bingwa halazimiki kushinda hatua: LeMond mwaka 1990 na Froome mwaka 2017 walitwaa Tour bila hata moja.

“Lazima utazame saa tano zote”

Hapana. Kabla ya hatua, angalia mchoro wa njia: mlima mgumu uko kilomita ngapi kabla ya mwisho, na baada yake kuna bonde au mlima mwingine? Angalia upepo, ukikaribia kilomita 30 kwa saa kutoka ubavuni kwenye uwanda wazi, usikose sehemu hiyo. Tazama hadi kundi la kujichomoa liondoke, soma majina na timu zake, na ujiulize ni timu gani haina mtu. Kisha unaweza kuondoka. Rudi zikibaki kilomita 60, au kabla ya mlima wa pili kutoka mwisho, na hesabu mambo matatu: pengo la mbele, wasaidizi waliobaki kwa kila mgombea, na nani amekaa nyuma ya kundi mdomo wazi, akiinuka kwenye tandiko kila kona inapoachia kasi. Huyo wa mwisho ndiye atakayekatika kwanza, na wapinzani wake wameshamwona.